Mbio za magari bila gari

*Nina miaka 24 na leseni ya udereva. Tangu mbio za magari zipite huku kwetu situlii, ila gari la mashindano siliwezi. Nianzie wapi? – M., Bagamoyo*

Ndugu M., kama kikwazo ni gari, usianze na gari. Kila gari la mbio za aina hii (rally) lina watu wawili. Wa pili ni msoma ramani: humtajia dereva kona na mashimo kabla hayajaonekana. Kazi hiyo yataka kichwa kisichozunguka. (Jipime: panda bajaji ya kwenda Kiromo, huko kwenu, ukisoma gazeti!) Kwanza jitolee kulinda njia siku ya mashindano, au kumshikia fundi spana; huko ndiko utakakojuana na timu.

Ukija kununua gari, chakavu si aibu. Mwaka 1965 dereva wa Kenya Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda mbio za Safari Rally kwa Volvo PV544 iliyokwishatumika. Pesa ya kwanza iende kwenye helmeti, mikanda na vyuma vya kukukinga gari likipinduka. Habari za leseni ya mashindano, waulize AAT, chama cha magari cha Tanzania, Dar es Salaam. Ila usijaribie mwendo Barabara ya Bagamoyo. Ina bodaboda na watoto wa shule.