“Historia Atakula?” Somo kwa Anayekwenda Chuo Kikuu na kwa Wazazi Wake



Likizo iliyopita, baada ya Misa ya pili mjini Makambako, mama mmoja alituita pembeni. Tulipomwamkia akasema, “Marahaba, Frateri. Huyu mdogo wako amechaguliwa chuo kikuu kusoma historia. Baba yake hataki. Anasema bora abaki kwenye shamba la parachichi. Hiyo historia atakula?” Kijana mwenyewe alisimama kando, macho chini. Watu walikuwa wengi, tukajibu kwa kifupi, tukaahidi kulifikiria zaidi. Makala hii ni jibu letu.

1. Anasoma nini hasa?

Wengi tulitoka sekondari tukijua kwamba historia ni kukariri miaka na majina, kisha kuyamwaga kwenye mtihani. Chuo kikuu, katika shahada ya kwanza ya miaka mitatu, mwanafunzi anadaiwa kitu kingine. Akipewa habari, anauliza: Nani aliisema? Aliyaona mwenyewe au alisimuliwa? Alimwandikia nani, na kwa faida gani? Na nani hakuulizwa kabisa?

Sisi tunaosoma falsafa tunafundishwa na Mtakatifu Thoma wa Akwino kwamba ukweli ni kulingana kwa akili na jambo lilivyo. Mwanahistoria ana shida ya pekee, kwa kuwa jambo lenyewe limekwisha kupita. Kilichobaki ni mashahidi: barua, daftari, kaburi, jina la mahali, simulizi la bibi. Kazi yake ni kuwapima mashahidi hao kwa haki, bila kumpendelea aliyeandika na bila kumdharau asiyejua kuandika.

2. Mfano wa kwetu: Vita vya Maji Maji

Vita hivi vya 1905 hadi 1907 vilifika hadi huku kwetu. Tarehe 14 Agosti 1905 Askofu Cassian Spiss, Mbenediktini, aliuawa akiwa safarini kusini, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Mwezi Septemba misheni ya Kilutheri ya Yakobi, karibu na Njombe, ilishambuliwa. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga watu 67 mjini Songea. Baadhi yao walikuwa wamebatizwa na padre mmisionari muda mfupi kabla ya kufa. Kisha jeshi likachoma vijiji na vyakula, na njaa ikamaliza watu. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 75,000 hadi karibu 300,000. Tofauti hiyo peke yake inatosha kumfundisha mwanafunzi kuuliza nani alihesabu, na alihesabu vipi.

Kwa miaka mingi, karibu maandishi yote juu ya vita hivyo yalitoka kwa maofisa wa Kijerumani na wamisionari. Mwaka 1968 Idara ya Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa bado chuo kishiriki, iliwatuma wanafunzi wa shahada ya kwanza vijijini wakawasikilize wazee waliokumbuka vita. Waliofanya kazi hiyo walikuwa vijana wa umri wetu. Barua za wamisionari hazikutupwa. Ziliwekwa mezani pamoja na maneno ya wazee, na vyote vikapimwa.

Hapa sisi Wakatoliki tunaguswa. Je, tunaweza kumwombea Askofu Spiss na wenzake, na papo hapo kuwakumbuka wale 67 bila kutafuta maneno ya kupunguza uchungu wao? Tunaamini tunaweza. Ila tutaweza tu tukikubali kusikia habari yote.

3. Kanisa linasemaje?

Papa Leo XIII aliwafungulia watafiti hifadhi ya nyaraka ya Vatikani mwaka 1881, na mwaka 1883 akaandika kwamba mwanahistoria asithubutu kusema uongo wala asiogope kusema kweli. Tarehe 21 Novemba 2024 Papa Fransisko aliandika barua juu ya kufanya upya masomo ya historia ya Kanisa, akiwalenga hasa wanaojiandaa kwa upadre. Kwa hiyo somo hili linatuhusu sisi waseminari pia.

4. Na kula je?

Baba hajakosea kuuliza. Ada ni mzigo, mkopo hulipwa, na nafasi za ualimu ni chache kuliko waombaji. Kijana anayetaka kufundisha achague shahada iliyounganishwa na ualimu. Anayechagua historia peke yake ajue kwamba watu wa fani hii hufanya kazi katika nyaraka, makumbusho, uandishi wa habari na utawala, lakini hakuna anayemngoja mlangoni. Wazazi na kijana wakae mezani waongee haya kabla ya kufunga begi. Na shamba la parachichi si adui wa shahada. Wakati wa likizo linahitaji mikono.

5. Zoezi la nyumbani

Huhitaji kwenda chuo ili kuanza. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, ikapita Makambako na kuubadilisha mji. Jimbo letu la Njombe lilianzishwa mwaka 1968. Waliokuwa watoto siku hiyo sasa ni wazee. Chagua mzee mmoja. Omba ruhusa. Andika jina lake, mahali na tarehe. Mwache amalize, usimsahihishe. Kisha msikilize mzee wa pili juu ya jambo lilelile. Wakipishana, usifiche, andika yote mawili. Mwishowe mwombe paroko akusaidie kulinganisha miaka na vitabu vya ubatizo.

Yule kijana tulimwachia zoezi moja kabla hajasafiri: amuulize baba yake namna familia yao ilivyofika Makambako. Hatujapata majibu, ila mama ametuambia kwamba jioni ile walikaa muda mrefu jikoni, baba akiongea.

Maswali ya kutafakari

1. Katika parokia yako, ni habari gani husimuliwa na upande mmoja tu?
2. Ni mzee gani ungejuta kutomsikiliza?
3. Je, unaogopa ukweli wowote kuhusu jumuiya yako? Kwa nini?