Mtangazaji Wako wa Usiku Akihama, Unabaki na Nini?



Wapendwa vijana, somo letu la leo linaanzia redioni. Wengi mnamkumbuka Diva, sauti ya Ala za Roho, kile kipindi cha usiku cha Clouds FM kilichohusu mapenzi na maumivu yake. Baadaye alihamia Wasafi FM, redio iliyoanza mwaka 2019, na huko akasikika kwenye Lavidavi. Siku hizi mtangazaji akihama tunasema "amesajiliwa", utadhani ni mchezaji wa Simba kaenda Yanga. Na mashabiki hugawanyika hivyo hivyo: kuna wanaomfuata, kuna wanaomwita msaliti, na kuna wanaozima redio kimya kimya na kubaki na upweke wao.

Unaweza kusema, "Frateri, hayo nayo ni mambo ya kutafakari?" Ndiyo, ni ya kutafakari. Mimi ni mtoto wa Kibiti. Kule kwetu, na chini zaidi kwenye delta ya Rufiji, mpunga ukikaribia kukomaa watu hulala kwenye dungu wakilinda nguruwe pori wasiumalize. Usiku ni mrefu, mbu ni wengi, na jirani yuko mbali. Kiredio kidogo kinachoning'inia kwenye nguzo ndiyo sauti pekee ya binadamu mpaka alfajiri. Mtu wa namna hiyo akizoea sauti fulani kisha ikatoweka, usimcheke. Na wewe uliyepanga chumba Mbagala, mwenye simu na earphone, dungu lako unalijua.

Mwaka 1956 wanazuoni wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, waliandika kuhusu uhusiano huu wa msikilizaji na mtangazaji. Waliona kwamba mtu anaweza kujisikia ana urafiki wa karibu na mtu ambaye hamjui kabisa. Ni urafiki wa upande mmoja. Aristotle naye, katika kitabu cha nane cha Maadili ya Nikomako, anafundisha kuwa urafiki unadai pande zote mbili zitakiane mema, na kila mmoja ajue hivyo. Kwa kipimo hicho, mtangazaji wako anakutakia mema kama mmoja wa wasikilizaji wake, lakini jina lako halijui. Tuyachukue hayo tuyapeleke kwenye Maandiko.

1. Uchungu wako si dhambi. Soma Mdo 20:36-38. Paulo anawaaga wazee wa Efeso kule Mileto. Wanamkumbatia, wanalia sana, na kinachowauma zaidi ni kwamba hawatamwona tena. Paulo hawakemei. Kuumia pale sauti iliyokujenga inapoondoka ni dalili kwamba kuna jema ulilopokea. Shukuru kwanza.

2. Sauti si mali yako. Soma Yn 1:35-37. Yohane Mbatizaji anamwonesha Yesu kwa wanafunzi wake wawili, nao wanamwacha mwalimu wao na kumfuata Yesu. Yohane hawazuii. Kama mwalimu alijua kuwaachia wanafunzi, basi na mwanafunzi ajifunze kumwachia mwalimu. Mtangazaji ana mkataba, ana familia, ana ndoto zake. Kumtukana mtandaoni kwa sababu amebadilisha kazi ni kumgeuza mtu kuwa kifaa cha kukuliwaza. Mkumbukeni marehemu Gardner Habash, "Kapteni" wa Jahazi. Naye aliondoka Clouds, akatangaza redio nyingine, kisha akarudi. Alipofariki Aprili 2024, nani alikuwa bado anahesabu amehama mara ngapi? Mbele ya jeneza, ubishi wa redio ipi ni bora hauna uzito.

3. Tazama kilichopandwa. Wakristo wa Korintho nao walikuwa na timu: mmoja wa Paulo, mwingine wa Apolo, yule msemaji hodari kutoka Aleksandria. Paulo anawajibu kwa lugha ya shamba (1Kor 3:5-7): yeye alipanda, Apolo alitia maji, lakini mwenye kukuza ni Mungu. Mkulima wa Rufiji analielewa hilo bila kufafanuliwa. Aliyepanda anaweza kuondoka, na mpunga ukaendelea kukua.

Hapa ndipo somo linapotugusa sisi wenyewe. Paroko akihamishwa, nusu ya vijana wanapotea. Mwalimu wa kwaya akienda kusoma, sauti ya tenor inakufa. Katekista mzoefu akistaafu, kigango kinapooza. Tunasema "siku hizi hakuna ladha". Yaani kumbe tulikuwa tunakuja kwa ajili ya mtu! Ukiacha Misa kwa sababu padre uliyempenda amehamia parokia nyingine, jiulize: yeye alikuwa anakuelekeza kwa nani?

Na usiku ule wa dungu bado upo. Sauti ya redio ilikusaidia, lakini haikukujua. Yupo anayekujua kwa jina (Isa 43:1), na hahamishwi. Zungumza naye kabla ya kulala, hata dakika tano. Kisha mpigie simu mtu mmoja unayejua yuko peke yake. Pengine anasubiri sauti inayolijua jina lake.

Maswali ya kutafakari:
- Ni sauti gani iliyonijenga, na ilinijenga katika jambo gani?
- Kuna huduma niliyoiacha parokiani kwa sababu kiongozi alibadilika? Nitairudia lini?
- Wiki hii nitampigia nani?

Tuombe: Ee Bwana, asante kwa sauti zote ulizotutumia. Tujalie kuwaaga watu kwa amani, na kubaki nawe wanapoondoka. Amina.