Taa ndogo za tablo: namna ya kuzibadilisha bila hatari



Leo tutasema juu ya kitu kidogo kisichofikia hata urefu wa kidole: ampule za tablo ya motokari. Mtu akiona moja imekufa husema: « Si kitu, motere inatembea. » Ni kweli, inatembea. Lakini je, inatembea vizuri? Nani atakuambia, kama si tablo?

Nyuma ya tablo ziko ampule za namna mbili. Za kwanza ni za kuangaza: zinatia mwangaza kwenye kompteri ya mwendo, kwenye kipimo cha mazuti au esanse na kwenye kipimo cha joto la maji. Za pili ni za kuonya: ile nyekundu ya mafuta ya motere, ile ya batri, ile ya freni. Mara nyingi zinafanana kwa macho, lakini kufa kwao si sawa. Taa ya kuangaza ikifa, utajua usiku uleule. Taa ya kuonya ikifa, hutajua kitu, kwa sababu taa iliyokufa na taa isiyo na shida ya kuonyesha ni sawasawa: zote mbili ni giza.

Tuseme baba anatoka Likasi saa moja ya mangaribi kwenda Kolwezi, na watoto wamelala nyuma. Njiani kizibo cha mafuta chini ya motere kinalegea, mafuta yanamwagika. Taa nyekundu ingewaka, naye angesimama. Lakini ampule ilikufa zamani. Atakwenda mpaka asikie motere inagonga, kisha inakamata na kusimama. Hapo hasara si motere tu. Motokari imesimama gizani, na malori yenye mizigo mizito yanapita barabara ileile usiku. Ndiyo sababu tunaweka habari hii katika ukurasa wa usalama, wala si katika habari za garaji.

Kujua kama taa za kuonya ni nzima si kazi ngumu. Kila asubuhi, geuza ufunguo mpaka kwenye kontakti, lakini usiwashe motere bado. Taa ya mafuta na taa ya batri lazima ziwake. Washa motere: zote mbili zizimike baada ya muda mfupi. Vuta freni ya mkono: katika motokari nyingi, taa ya freni iwake. Taa isiyowaka kwenye kontakti ina ampule iliyokufa, au waya imekatika.

Kwa taa ya batri, uangalie zaidi. Katika motokari nyingi zenye alternateri, umeme mdogo wa kuiamsha alternateri unapitia ndani ya ampule hiyo. Ampule ikifa, alternateri inaweza kukataa kuanza kazi yake, na batri inamalizika polepole. Mtu ananunua batri mpya, kisha nyingine tena, na bado shida inabaki. Ukiona hivyo, angalia ampule kwanza.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kama taa zote za kuangaza zimekufa mara moja, usifungue tablo haraka. Ni vigumu ampule zote zife siku moja. Angalia fizible, kisha kile kifungo cha kupunguza mwangaza: pengine mtoto alikizungusha akicheza. Kama ni moja tu iliyokufa, basi shida ni ampule, au pahali inapokaa pameshika kutu.

Kabla ya kugusa waya yoyote, fungua batri, ukianza na upande wa kutoa (−). Kwa nini upande huo? Katika motokari nyingi, mwili umeunganishwa na upande wa kutoa. Kle yako ikigusa bati wakati unafungua upande huo, hakuna kitu kitatokea. Ukianza na upande wa kujumlisha (+), na kle ikagusa bati, nguvu yote ya batri inapita katika kle: cheche, mkono kuungua, hata batri kupasuka, maana batri inapojazwa umeme inatoa gesi inayowaka. Vua pete na saa ya chuma. Usivute sigara hapo. Watoto wakae mbali, hata yule anayependa kushika taa ya mkononi.

Katika motokari za zamani zenye kipimo cha amperi kwenye tablo, hatari ni kubwa zaidi. Waya nene inayobeba umeme wa batri inafika mpaka nyuma ya kipimo hicho, na mara nyingi haina fizible. Turnevisi ikiteleza pale wakati batri imefungwa, waya zinaweza kuwaka ndani ya tablo.

Vaa miwani ya kazi. Watu hucheka wakisikia hivyo, lakini anayetazama juu, chini ya tablo, ndiye anayepokea vumbi na vipande vya kioo machoni.

Toa visi, kisha vuta tablo polepole kwa kadiri ya kiganja kimoja. Kamba ya kompteri inaizuia: nyingine inafunguliwa kwa kuzungusha, nyingine kwa kubana kishikio chake kwa vidole. Nyuma utaona karatasi ya plastiki yenye mistari myembamba ya shaba. Mistari hiyo ndiyo waya zake, na karatasi hiyo inapasuka upesi. Katika Toyota nyingi za zamani, kishikio cha ampule kinatoka kwa kukizungusha robo ya mzunguko kwenda kushoto, na ampule ya kioo kitupu inavutwa moja kwa moja. Shika kioo kwa kitambaa, si kwa pinsi. Katika Land Rover nyingi za zamani, ampule ina shingo ya chuma na inafunguliwa kama visi.

Soma maandishi ya ampule ya zamani, nawe ununue ileile. Ikiwa imeandikwa 12 V 3 W, usitie ya 5 W ili « kuona vizuri ». Joto linaongezeka mahali padogo pasipo na hewa: plastiki inalainika na mistari ya shaba inabanduka. Usichanganye pia na ampule za malori ya 24 V. Ya lori itawaka kwa unyonge katika motokari ya 12 V. Ya motokari itaungua mara moja katika lori.

Sokoni ziko pia ampule za led. Hazina joto jingi, ni kweli. Isipowaka, itoe uigeuze, maana led ina upande wake wa kujumlisha na wa kutoa. Lakini kwa taa ya batri, baki na ampule ya kawaida: led inapitisha umeme mdogo mno, na alternateri inaweza isiamke. Tena led nyeupe kali si rafiki wa macho. Jicho linahitaji kadiri ya dakika 20 hadi 30 kuzoea giza kabisa, na mwangaza mkali karibu na uso unaharibu mazoea hayo kwa dakika moja. Anayetoka kazini usiku na tablo inayong'aa kama duka anachelewa kumwona mtu wa baiskeli asiye na taa. Tablo iangaze kiasi cha kusoma namba, basi.

Kabla ya kurudisha visi, funga batri, geuza kontakti na utazame taa moja moja. Ukiona fizible inakatika, waya imegusa bati mahali fulani: itafute. Usitie karatasi ya fedha ya sigara, wala waya badala ya fizible, kwa maana hapo moto utachagua wenyewe mahali pa kuanzia. Zima, fungua batri tena, rudisha kamba ya kompteri na visi zote, kisha funga batri. Ampule moja ya akiba ifunge katika kitambaa, uiweke pamoja na fizible za akiba.