Kupima Safari ya Ndege baina ya Pemba na Unguja



Mwenye mgonjwa Konde, anayetakiwa kumfikisha hospitali ya Mnazi Mmoja, huuliza kwanza: ndege ya Unguja yachukua muda gani? Huambiwa nusu saa. Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi kupangia safari. Yafaa kila mmoja wetu ajue hesabu yake.

1. Umbali. Digrii moja ya ramani ina dakika 60. Kila dakika ya kwenda kaskazini au kusini ni maili moja ya baharini, yaani mita 1,852. Kiwanja cha Kisauni, Unguja, kiko digrii 6 na dakika 13 kusini ya Ikweta. Cha Chake Chake, Pemba, kiko digrii 5 na dakika 15. Tofauti ni maili 58. Kwa upande wa mashariki, Pemba imezidi maili kama 35. Sasa tutafute ulalo, kama seremala apimavyo pembe ya mlango: 58 mara 58 ni 3,364, 35 mara 35 ni 1,225, jumla 4,589. Nambari ambayo ikizidishwa kwa yenyewe hukaribia hapo ni 68. Basi umbali ni maili 68 za baharini, karibu kilomita 126.

2. Muda. Tuchukue ndege ndogo iendayo kilomita 300 kwa saa. Kilomita 126 itazimaliza kwa dakika 25. Zilizobaki katika ile nusu saa ni za kupanda, kuzunguka na kutua.

3. Upepo. Ndege nayo husukumwa kama dau. Kusi ikivuma kilomita 30 kwa saa, aendaye Pemba husukumwa mgongoni, akafika kwa dakika 23. Arudiye Unguja huupokea usoni, akatumia 28. Kaskazi ikiingia, mambo hugeuka.

4. Safari nzima. Hapa ndipo wengi hukosea. Tutazame mfano wa bara. Kiwanja cha Ziwa Manyara na kile cha Arusha viko karibu mstari mmoja, digrii 3 na dakika 22 kusini. Baina yao ni maili 49 za baharini, kama kilomita 91. Kwa ndege yetu ni dakika 18 tu. Je, mtu wa Gendabi, chini ya Mlima Hanang, aendaye Arusha, aifuate ndege hiyo? Hasha. Gari lake hupita Babati likafika Makuyuni. Hapo njia ya kushoto yaenda Manyara, na ya kulia yaenda Arusha. Atakayepinda kushoto kutafuta ndege, akaingoja, huenda akafika nyuma ya mwenzake aliyebaki garini.

Sisi tuna bahari katikati, na ndege yatufaa sana. Lakini hesabu ni ile ile: andika muda wa gari toka Konde hadi kiwanjani, muda wa kungoja, muda wa ndege, na muda wa gari toka Kisauni hadi Mnazi Mmoja. Jumlisha yote, ndipo umtoe mgonjwa nyumbani.

Zoezi. Toka Chake Chake hadi kiwanja cha Tanga kuna dakika 10 za kaskazini na maili kama 45 za magharibi. Tafuta umbali na muda. Ukipata maili 46 na dakika 17, umeshika somo.