Mwanajimnastiki Mdogo na Sheria za Mwendo

Tarehe 18 Julai 1976, katika Michezo ya Olimpiki ya Montreal nchini Kanada, ubao wa matokeo ulionyesha tarakimu 1.00 baada ya msichana wa Romania, Nadia Comăneci, kumaliza zoezi lake katika fito mbili. Ubao huo haukuwa na nafasi ya kuandika 10.00, kwani hadi siku hiyo hakuna mwanajimnastiki wa kike aliyekuwa amewahi kupewa alama zote kumi katika Olimpiki. Nadia alikuwa na umri wa miaka 14. Hadi michezo inakwisha alikuwa amepata kumi mara saba, na kutwaa medali tatu za dhahabu, moja ya fedha na moja ya shaba.

Kipaji na mazoezi ya miaka mingi vilichangia ushindi huo. Lakini kuna sababu nyingine ambayo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuikokotoa mwenyewe: mwili mdogo huzunguka kwa urahisi kuliko mwili mkubwa. Katika makala haya tutaichunguza sababu hiyo, kisha tutaona hatari iliyojificha ndani yake.

Kuzunguka hewani

Mchezaji akisharuka hana kitu cha kushika wala cha kusukuma. Uzito wake humvuta chini kupitia kitovu cha masi, kwa hiyo hauwezi kumwongezea wala kumpunguzia mzunguko. Kiasi cha mzunguko alichoondoka nacho, ambacho huitwa momenta ya mzunguko, hubaki kilekile mpaka atue.

Hata hivyo, kasi ya kuzunguka yaweza kubadilika. Mchezaji akikunja magoti hadi kifuani, masi yake husogea karibu na mhimili. Inesha yake ya mzunguko, yaani ukinzani wa mwili dhidi ya kuzungushwa, hupungua, na kasi huongezeka. Akijinyoosha, kasi hupungua, naye hutua kwa utulivu.

Jambo hili laweza kuonyeshwa darasani. Pitisha uzi ndani ya mrija wa kalamu na ufunge kifutio kwenye ncha ya juu. Shika mrija wima, zungusha kifutio juu ya kichwa, kisha vuta ncha ya chini ya uzi. Kadiri kifutio kinavyokaribia mrija ndivyo kinavyozunguka haraka zaidi.

Muda wa kufanya hayo yote ni mfupi mno. Kitovu cha masi kikipanda nusu mita na kurudi palepale, mchezaji hukaa hewani kwa sekunde 0.64 tu.

Mwili unapokua

Tuchukue mfano wa msichana anayekua kwa asilimia 10 kwa urefu, upana na unene, bila umbo lake kubadilika. Nguvu ya misuli hutegemea eneo la mkato wake, nalo huongezeka mara 1.1 × 1.1, yaani 1.21. Masi hufuata ujazo, hivyo huongezeka mara 1.33. Inesha ya mzunguko hutegemea masi pamoja na mraba wa umbali kutoka kwenye mhimili. Hivyo huongezeka mara 1.61.

Maana yake ni kwamba nguvu imeongezeka kwa asilimia 21, ilhali ukinzani dhidi ya kuzungushwa umeongezeka kwa asilimia 61. Muda wa kukaa hewani haukuongezeka ila akiruka juu zaidi. Katika hali halisi mwili haukui kwa ulinganifu namna hiyo, kwa kuwa wakati wa balehe miguu hutangulia kurefuka na nyonga hupanuka. Hata hivyo hesabu hii yatuonyesha kwa nini zoezi alilolimudu mwaka jana huweza kumshinda mwaka huu. Si uvivu, wala si kupoteza kipaji. Mwili wake ni mpya, na hauna budi kujifunza upya.

Ushahidi wa miaka ya Nadia

Mwaka 1978, katika mashindano ya dunia ya Strasbourg, Nadia alikuwa mrefu na mzito kuliko alivyokuwa Montreal. Alianguka kutoka kwenye fito na kushika nafasi ya nne katika mashindano ya jumla, lakini alishinda kwenye boriti. Mwaka 1979 alitwaa ubingwa wa Ulaya kwa mara ya tatu mfululizo. Mwaka 1980, mjini Moscow, alipata dhahabu mbili na fedha mbili. Basi kukua kulimyumbisha kwa muda, lakini hakukuufikisha ustadi wake mwisho.

Hatari ya kuzuia ukuaji

Baadhi ya wakufunzi wa mchezo huu walitoa hitimisho baya kutokana na ukweli huo: kwamba mtoto abaki mdogo, hata kwa kunyimwa chakula. Sayansi yapinga vikali. Chakula kisipotosheleza mazoezi, mwili hupunguza utengenezaji wa homoni, hedhi huchelewa au hukoma, na mifupa hukosa uimara katika miaka ileile ambayo ingepaswa kujiwekea akiba ya madini.

Mzigo nao si mdogo. Tukichukulia kuwa masi yote iko kitovuni, mchezaji anayebembea kwenye ufito kutoka wima juu hadi chini hushikilia kani ya mara tano ya uzito wake. Katika mazoezi mengine mikono hubeba mwili kama miguu. Kwa mtoto, karibu na ncha za mifupa mna tabaka za gegedu ambamo mfupa hurefukia. Tabaka hizo ni dhaifu kuliko mfupa uliokomaa, na zile za kiwiko cha mkono huumia kwa urahisi.

Kwa sababu kama hizi umri wa chini wa kushiriki mashindano makubwa ya wanawake ulipandishwa kutoka miaka 14 hadi 15 mwaka 1981, kisha hadi 16 mwaka 1997. Wala mchezo haukudhoofika. Oksana Chusovitina wa Uzbekistan alishiriki Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 akiwa na umri wa miaka 46, na Simone Biles wa Marekani alitwaa ubingwa wa jumla jijini Paris mwaka 2024 akiwa na miaka 27.

Mwalimu wa michezo na azingatie mambo matatu. Mwanafunzi aliyerefuka ghafla apunguziwe mazoezi magumu na arudishwe kwenye misingi. Maumivu ya kiungo yasiyokwisha yapelekwe kwa mganga, yasiitwe uzembe. Na kamwe mwanafunzi asipimwe uzito mbele ya wenzake wala asihimizwe kujinyima chakula.

Maswali

1. Kokotoa muda wa kukaa hewani iwapo kitovu cha masi kitapanda mita 0.8 na kurudi palepale (g = 9.8).
2. Urefu, upana na unene vikiongezeka kwa asilimia 5, masi na inesha ya mzunguko vitaongezeka mara ngapi?
3. Eleza kwa nini mchezaji hujinyoosha kabla ya kutua.