SOMO LA AFYA: DAWA ZA MAUMIVU NA MIRIJA YA UZAZI



Hapa Juba, tukiumwa mgongo kwa kazi, wengi wetu humeza diklofenaki au ibuprofeni. Dawa hizi hupunguza prostaglandini, kemikali ya mwili iletayo maumivu na uvimbe. Lakini kemikali hiyo pia husaidia yai kutoka kwenye kifuko chake. Mama anayetafuta mtoto akizimeza kila siku, yai laweza kuchelewa kutoka. Akiacha, hali hurudi.

Dawa ya kulegeza misuli, kama hayosini, yaweza kufungua mrija uliokazana tu. Mrija ulioziba kwa makovu ya kisonono au klamidia haufunguliwi na kidonge. Maumivu ya chini ya tumbo yenye homa au usaha yanataka hospitali mapema, mume na mke watibiwe pamoja. Kutuliza maumivu si kuponya ugonjwa.