Mwanahisa Mdogo wa Kilosa: Aliyeumizwa Ni Yeye au Ni Kampuni?

Swali: Mwenye hisa nyingi si ndiye mwenye kampuni, afanye apendavyo?

Siye, na hawezi.

Swali: Kutoka Kimamba, Dumila na Mikumi wilayani Kilosa yamekuja malalamiko yanayofanana: mkurugenzi kamuuzia shemeji yake trekta la kampuni kwa bei ya kutupa, mwingine kanyima wenzake gawio huku akijipandishia mshahara, mwingine katoa hisa mpya na kujigawia zote. Mwanahisa mdogo anaweza kuwashtaki?

Malalamiko haya yanajibiwa pamoja kwa sababu yamebeba kosa lile lile linalowapotezea watu fedha na miaka, yaani kuchanganya jeraha la kampuni na jeraha la mwanahisa. Kampuni iliyosajiliwa ni mtu mbele ya sheria, ina mali yake na madeni yake, na tangu kesi ya Foss dhidi ya Harbottle iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1843, kanuni ni kwamba aliyekosewa ndiye anayedai. Trekta lile si la mwanahisa, hata kama ni yeye aliyeuza mpunga wake ili fedha za kulinunua zitimie; ni la kampuni, na hasara ni ya kampuni. Tatizo ni kwamba kampuni husema kwa kinywa cha bodi ya wakurugenzi, na mtuhumiwa ndiye anayeiongoza bodi hiyo. Kwa hali hiyo kifungu cha 234 cha Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 kinamruhusu mwanahisa kuiomba Mahakama Kuu kibali cha kufungua shauri kwa jina la kampuni na kwa niaba yake. Akishinda, fedha zinarudi kwenye akaunti ya kampuni, wala haziingii mfukoni mwake, jambo ambalo wengi hulitambua wakiwa wamekwisha kulipa ada.

Hisa mpya ni habari nyingine. Mwenye hisa 30 kati ya 100, mwenzake akijigawia nyingine 200, anashuka kutoka asilimia 30 hadi 10, ilhali kampuni haikupungukiwa kitu. Aliyeumia ni yeye mwenyewe. Ndivyo ilivyo mara nyingi pia pale faida inapotoka kama mshahara wa mmoja huku gawio, yaani fungu la faida wanalogawiwa wanahisa, likizuiwa mwaka hadi mwaka. Dhuluma ya namna hii hupelekwa chini ya kifungu cha 233, kinachomlinda mwanahisa ambaye maslahi yake yanadhuriwa isivyo haki na uendeshaji wa kampuni. Uzito uko kwenye maneno "isivyo haki", kwa maana mwaka ambao Mto Mkondoa umefurika na mashamba yamezama hauzai gawio, na kukosa gawio peke yake si dhuluma. Mahakama ikiridhika inaweza kuelekeza namna kampuni itakavyoendeshwa, kuzuia kitendo fulani, kuruhusu shauri kwa jina la kampuni, au kuamuru hisa za mlalamikaji zinunuliwe na wenzake au na kampuni yenyewe, nafuu inayowafaa zaidi ndugu waliokwisha kukosana.

Swali: BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, inaweza kumwondoa mkurugenzi dhalimu?

Haiwezi kuamua ugomvi huo. Kinachofaa kutafutwa huko ni nakala za kumbukumbu za kampuni, ambazo zitaonyesha ni lini hisa mpya ziligawiwa na nani alitia saini.

Swali: Kuna watu wanaoandika nyaraka za kesi kwa bei nafuu karibu na mahakama. Wanafaa?

Hao ni vishoka, na madhara yao ni makubwa. Ombi la kifungu cha 233 huletwa Mahakama Kuu, yenye masjala yake Morogoro mjini, kwa hati iitwayo petisheni. Likiletwa kwa hati ya madai ya kawaida, au katika mahakama ya chini, huweza kutupwa kabla dhuluma yenyewe haijasikilizwa.

Swali: Asilimia ngapi zinatosha kuwazuia wakubwa?

Azimio maalumu, linalohitajika kwa mfano kubadili kanuni za kampuni, hupita kwa robo tatu ya kura, kwa hiyo robo kamili haizuii, bali robo na hisa moja. Katika kampuni ya sukari ya Kilombero, ambayo mashamba yake ya Ruembe yako ndani ya Wilaya ya Kilosa, Serikali ilibaki na asilimia 25 baada ya ubinafsishaji wa mwaka 1998. Bila makubaliano mengine, fungu kama hilo kwa hesabu tupu halitoshi. Hata hivyo, mwenye sehemu ya kumi ya mtaji uliolipiwa, wenye haki ya kura, anaweza kudai mkutano usio wa kawaida uitishwe, na bodi ina siku 21 za kuanza kuuitisha.

Swali: Na mwanachama wa chama cha ushirika wa mazao (AMCOS)?

Huyo hana hisa za kampuni. Ushirika una sheria yake na mrajisi wake.

Swali: Mjane afanyeje ikiwa shemeji zake wanamzuia kuingia katika kampuni ya marehemu ya nyumba ya wageni Mikumi?

Aanze na barua za usimamizi wa mirathi zilizotolewa na mahakama. Muhtasari wa kikao cha ukoo, hata ukiwa na saini na dole gumba la kila mzee, haubadilishi daftari la wanahisa.